Kila nikilikimbiza lengo langu, muda unazidi kuharibika

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 19, naishi Mikindani. Nimemaliza kidato cha nne, na tangu nikiwa shule nakimbia mita 1500. Kwenye mashindano ya mkoa nilishika nafasi ya pili kwa dakika 4 na sekunde 51. Huo ndio muda wangu bora mpaka leo.

Baada ya pale kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu na ndiye anayenigharamia kila kitu, aliniambia mchezo bila lengo ni kujichosha. Alikuwa amepata hela ya korosho mnadani, akaninunulia viatu vya spaiki vya mtumba, vizuri kabisa, na saa ya kupimia. Akauliza watu, akaambiwa msichana anayekimbia 4:20 hawezi kukosa kuitwa kwenye kambi ya wakimbiaji. Basi akachukua mkaa akaandika 4:20 ukutani, mbele ya kitanda changu, ili nikilala niione na nikiamka niione. Akasema mpaka mwaka unaisha niwe nimeifikia.

Mwalimu, mwanzoni nilifurahi mno. Kabla ya adhana ya alfajiri nimeshaamka. Lakini sasa miezi imepita na muda unarudi nyuma. Kila tukienda uwanjani kaka anataka nikimbie 1500 nzima anipime. Uwanja wenyewe ni wa shule, raundi tuliipima kwa hatua zake tukaichora kwa majivu. Siku nyingine ananifuata na pikipiki kwenye barabara ya kwenda Mtwara mjini huku akitaja sekunde kwa sauti, watu wanatoka nje kuangalia. Nikianza naanza vizuri sana. Ikifika raundi ya tatu miguu inagoma. Jumapili iliyopita aliandika kwenye daftari: raundi ya kwanza sekunde 69, ya pili 78, ya tatu 86, mita 300 za mwisho 65. Jumla 4:58. Nililia palepale.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku moja kaka alikuwa amekwenda Newala, nikajipima mwenyewe saa tisa mchana nikapata 5:02. Aliporudi nikamwambia nimepata 4:50. Alifurahi, akaenda kuwasimulia wenzake kijiweni. Tangu siku hiyo nikisimama kwenye mstari mbele yake natetemeka. Pia nimeacha kula usiku kwa sababu nilisikia wakimbiaji wazuri ni wale wepesi. Mashindano ya mkoa yanakaribia, na nimeanza kuomba niumwe.

Mama anasema niachane na malengo, nikimbie kwa kujifurahisha tu. Kaka anasema lengo dogo ni la mvivu, na kwamba Simbu hakupata dhahabu kwa kuwaza vitu vidogo. Nimsikilize nani?

Binti wa Mikindani

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma kuanzia zile namba nne za daftari, maana humo ndimo jibu lilimo. Chukua 4:20, zigawe sekunde zake kwa raundi tatu na robo tatu za mita 1500. Utapata sekunde 69 na kidogo kwa kila mita 400. Raundi yako ya kwanza Jumapili ilikuwa 69. Umeona? Ulikuwa unakimbia ile namba ya ukutani. Mkimbiaji wa 4:51, ambaye ndiye wewe tunayemjua kwa ushahidi, anakwenda wastani wa sekunde 77 na nusu kwa raundi. Ulitoka kwa kasi ya zaidi ya sekunde nane kuliko mwili ulivyozoea, na mwili hauna njia ya kuificha hiyo. Ukianza hivyo, misuli inalazimika kutoa nguvu kwa kasi ambayo pumzi haiwezi kuifuata, inaanza kuwaka moto na kukaza mapema, na ikifika raundi ya tatu hakuna ujasiri wala maombi yatakayokusaidia. Kutoka 69 mpaka 86 ni sekunde 17 zimepotea ndani ya raundi mbili. Bado ukamaliza kwa 4:58!

Hapo mimi sioni msichana aliyerudi nyuma. Kwa mbio zilizopangwa vibaya kiasi hicho, 4:58 inaniambia mapafu yako na miguu yako vipo, na huenda viko imara kuliko siku ile ya mashindano ya mkoa. Kinachokuangusha ni lengo kukaa mahali pasipo pake.

Tena kuna jambo la raundi yenyewe. Hatua za kaka si tepu. Kama raundi yenu imezidi kwa mita 10 tu, na kwa hatua za mtu ni rahisi kuzidi, basi kwa raundi tatu na robo tatu unakimbia mita 37 na nusu za bure. Kwa kasi yako hizo ni sekunde saba. Yawezekana umekuwa ukilia kwa sababu ya majivu yaliyochorwa vibaya. Kabla ya lolote lingine, azimeni tepu ya mita 50 kwa fundi ujenzi mpime upya. Na ile 5:02 ya saa tisa mchana, peke yako, kwenye jua la Mikindani na joto lile lenye unyevu wa bahari, usiilinganishe na muda wowote wa asubuhi. Hizo ni mbio mbili tofauti.

Sasa nije kwenye swali lako. Kaka yako hajakosea kusema lengo linasaidia. Edwin Locke na Gary Latham, wanasaikolojia wa Marekani na Kanada, wametumia miaka mingi kulichunguza hilo. Mwaka 1975 Latham na mwenzake Baldes walichapisha utafiti wa madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma. Madereva walikuwa wakiambiwa jitahidini kadiri mnavyoweza, na malori yalikuwa yakitoka na takriban asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Walipopewa lengo la wazi, asilimia 94, mizigo ilipanda ikapita asilimia 90. Hawakuongezewa mshahara. Lengo gumu lililo wazi linaelekeza akili na linamfanya mtu asiache mapema. Mama, nakuheshimu sana, lakini kwa hili kaka ana hoja.

Ila wale madereva walikuwa tayari wanajua kupakia magogo. Mwaka 1989 watafiti wengine wawili, Kanfer na Ackerman, waliwafundisha vijana wa jeshi la anga la Marekani kazi mpya ya kuongoza ndege kwa mfano wa kompyuta. Waliopewa lengo gumu wakiwa bado wanajifunza walifanya vibaya zaidi. Akili iliyotakiwa kujifunza kazi ilikuwa inahangaika na namba. Kukimbia 1500 kwa akili ni kazi ya kujifunza, binti yangu. Bado hujaijua kuigawa kasi, na hilo si kosa lako, maana hakuna aliyekufundisha. Kila siku umetakiwa kufaulu mtihani, siku ya kusoma haikuwepo.

Kwenye michezo wataalamu huyagawa malengo makundi matatu. Kuna lengo la matokeo: kushinda, kupata medali, kuitwa kambini. Kuna lengo la kiwango: kukimbia 4:48. Na kuna lengo la kitendo: mabega yasipande, raundi ya kwanza iwe 77, mikono iendelee kufanya kazi kwenye kona. Mwaka 2022 Williamson na wenzake walikusanya tafiti za malengo kwenye michezo wakazipima pamoja. Kwenye kipimo chao 0 maana yake hakuna tofauti, na 0.8 tayari inahesabiwa kubwa. Lengo la kitendo lilipata 1.36. Lengo la kiwango 0.44. Lengo la matokeo 0.09, yaani karibu na bure. Ile 4:20 yako inaonekana ni ya kiwango, lakini kaka ameifunga kwenye kambi, kwa hiyo kichwani mwako imeshakuwa ya matokeo: nikiikosa, nimeachwa.

Kwa nini matokeo hayasaidii? Kwa sababu hauyashiki wewe peke yako, na ushahidi wake tunao kwenye historia yetu wenyewe. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Rekodi ya dunia ilikuwa 3:33.1 ya Jim Ryun wa Marekani. John Walker wa New Zealand, mbele ya watu wa kwao, alikimbia 3:32.5. Alikuwa ameipita rekodi ya dunia. Na alikuwa wa pili, kwa sababu Filbert Bayi wetu alikuwa ameshapita mbele yake kwa 3:32.2. Kama lengo la Walker lilikuwa dhahabu tu, siku bora ya maisha yake mpaka wakati ule ingehesabika kuwa amefeli. Mtazame na Bayi: alishika uongozi tangu mwanzo na hakuuachia mpaka utepe. Hicho ni kitendo. Hakuhitaji ruhusa ya mtu mwingine kukifanya, na alikuwa amejiandaa kwa hicho.

Kuhusu Alphonce Simbu, kaka asome safari yote. Kwenye marathoni ya Olimpiki, Rio mwaka 2016, alikuwa wa tano. London 2017 alipata shaba ya dunia. Dhahabu ya dunia ilikuja Tokyo mwaka 2025, na yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48. Ilibidi picha ya mstarini iamue. Kati ya shaba na dhahabu ilipita miaka minane. Ndoto kubwa alikuwa nayo, nakubali kabisa, lakini hakuna aliyemwandikia ukutani kwamba iwe imetimia mwaka ukiisha. Wewe unatakiwa kupunguza sekunde 31 katika mwaka mmoja. Kwa mtu aliyeanza jana inawezekana. Kwa aliyeshafika 4:51 ni kumtwika mtoto gunia la mtu mzima. Kyllo na Landers walipozijumlisha tafiti za michezo mwaka 1995, malengo ya wastani, yale yanayomvuta mtu bila kumvunja, yaliwasaidia wanamichezo kuliko yale magumu kupita kiasi. Kwa hiyo hapana, lengo dogo si la mvivu.

Basi tufanye hivi. Ile 4:20 ifutwe ukutani leo. Iandike nyuma ya daftari, bila tarehe, maana ni mwelekeo mzuri. Muda unaoutafuta sasa ni 4:48, na huo nao usiutafute kila siku. Pima 1500 nzima mara moja kwa mwezi, asubuhi, saa ileile, kwenye raundi iliyopimwa kwa tepu. Siku nyingine zote hakuna kupima mbio nzima, hata kaka akibembeleza.

Katikati ya wiki chagua siku moja ya kujifunza kasi. Kimbia mita 400 kwa sekunde 77, pumzika dakika mbili au tatu, rudia, mpaka ufikishe raundi tano au sita. Kazi ya siku hiyo ni kupata 77 kila mara. Ukipata 73 umekosea sawasawa na aliyepata 81, na nataka hilo ulielewe vizuri, kwa sababu najua ile 73 itakufurahisha. Mwisho wa mazoezi uwe na uwezo wa kukimbia moja zaidi. Baada ya wiki kadhaa miguu itaijua 77 bila saa, na hapo ndipo 1500 inapoanza kuwa yako. Siku nyingine mbili au tatu kimbia polepole kufuata bahari, saa ibaki nyumbani, pikipiki pia. Hapo ndipo mama yako anapopata haki yake: siku hizo kimbia uone tu mwili unataka kufika wapi. Wapo watafiti wanaoyaita hayo malengo wazi, yaani yasiyo na namba ya kufikia, na yanawafaa watu waliochoshwa na namba.

Siku ya mashindano ya mkoa sitaki uwe na lengo la muda wala la nafasi. Nataka moja tu: raundi ya tatu isizidi ya kwanza kwa zaidi ya sekunde mbili. Ili hilo litokee, ya kwanza itabidi iwe 77 au 78, na utaona wenzako wanakuacha. Waache. Vumilia mita zile, najua zitakuwa ngumu kuliko maumivu ya mwisho. Ya pili tafuta mgongo wa mtu anayekwenda kasi yako ukae nyuma yake, hasa upande ambao kusi inakupiga usoni. Ya tatu ndiyo mbio yenyewe. Hapo kila msichana anachoka na akili inaanza kutangatanga, kwa hiyo ipe neno moja la kushika: mikono. Mabega chini, viganja vilegee, mikono iende, miguu itaifuata. Zikibaki mita 300, kimbia ulichobaki nacho.

Sasa lile la 5:02 na 4:50. Halijanifanya nikuone mtu mbaya. Mwaka 2004 Schweitzer, Ordóñez na Douma walionyesha kwamba watu waliopewa lengo maalumu wakalikosa walidanganya matokeo yao kuliko walioambiwa wajitahidi tu, hata pale ambapo hapakuwa na zawadi yoyote, na hasa waliolikosa kwa kidogo. Lengo lililobanwa hivyo linafanya hivyo kwa watu wengi, waaminifu kabisa. Lakini lisibaki. Linakutetemesha mstarini kwa sababu kila mbio sasa ni hatari ya kugundulika. Mwambie kaka mkiwa wawili, asubuhi, si mbele ya watu: "Kaka, siku ile ulipokuwa Newala sikupata 4:50. Nilipata 5:02. Niliogopa kukuangusha." Usiongeze maelezo. Mtu aliyetoa hela yake ya korosho kununulia mdogo wake spaiki anakupenda. Atakasirika kidogo, kisha ataelewa.

Na chakula cha usiku ukirudishe leo. Hapa siombi, nasisitiza. Msichana anayefanya mazoezi mazito bila kula anapoteza nguvu, mifupa inadhoofika, na mara nyingi hedhi inavurugika au inakatika. Kama yako imeshaanza kuruka miezi, nenda Hospitali ya Ligula ukamweleze daktari kwamba unafanya riadha na ulikuwa unaruka mlo. Ugali, samaki, mboga, maharage, ndizi. Uzito usiupime.

Kaka, najua utasoma haya, na wewe nina neno nawe. Umefanya ambayo ndugu wengi hawafanyi. Dada yako ana msaada nyumbani, na wakimbiaji wengi wa mikoa yetu ya Kusini waliacha mbio kwa kukosa huo tu. Sikuombi ukae pembeni. Nakuomba ubadilishe unachokihesabu. Daftari lako ni zuri kuliko unavyojua. Ni makocha wachache wa shule wanaoandika raundi moja moja kama wewe. Endelea kuziandika, ila acha kuzitaja kwa sauti wakati anakimbia, maana kila sekunde unayotaja inamtoa kwenye kazi yake na kumrudisha kwenye hofu ya kukuangusha. Akimaliza, swali la kwanza lisiwe "umepata ngapi?" Muulize raundi ya tatu aliisikiaje. Na wale wa kijiweni wasipewe muda wowote mpaka uwe umetoka kwenye mashindano rasmi.

Halafu mweleze dada yako habari ya Faith Kipyegon wa Kenya. Tarehe 26 Juni 2025, Paris, dunia nzima ikitazama, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Alipata 4:06. Lengo lililotangazwa mabara yote alilikosa kwa sekunde sita, ingawa hakuwahi kukimbia maili haraka hivyo. Tarehe 5 Julai alisimama tena mstarini, Eugene, Marekani, kwenye mita 1500 hizihizi za kwenu, akaweka rekodi ya dunia ya 3:48.68.

Binti yangu, mashindano yakiisha niandikie. Usinitumie muda wa jumla wala nafasi uliyoshika. Nitumie sekunde za raundi tatu na za zile mita 300, kama kaka alivyoziandika.